Kufutwa kwa kifungu cha 29 hakukuruhusu uchafu kwa posta

Wengi hapa Nairobi wanaamini kwamba tangu Mahakama Kuu ifute kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano mwaka 2016, mtu yuko huru kutuma uchafu wowote, hata kwa barua. Sivyo. Kifungu hicho kilihusu ujumbe wa simu na mitandao, na kilianguka kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, hukumu ninayoiunga mkono. Hakikugusa bahasha za Posta. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu bado kinakataza kusambaza picha na maandishi machafu. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani nao unayapiga marufuku. Ukitumiwa, usichane bahasha: muhuri juu ya stempu unaonyesha ilikopostiwa na tarehe. Wapelekee polisi.