Aliyepigwa eksirei anabaki na mionzi mwilini?

Mama karudi kupigwa eksirei ya kifua Mnazi Mmoja. Ampakate mjukuu leo leo?

Ampakate, hapana neno. Mashine ya eksirei hutoa mionzi kwa umeme. Ikishazimwa, mionzi imekwisha kama mwanga wa taa. Haikai mwilini, nguoni wala chumbani. Anayenyonyesha anyonyeshe. Picha ya kifua haizidi sana milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), wakati ardhi, anga na chakula hutupa wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka. Skani ya CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni nyingine: hufika milisiveti 8 hadi 10. Mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa picha yoyote.

Mbona jirani aliyetoka kutibiwa Dar aliambiwa akae mbali na watoto?

Huyo alimezeshwa iodini-131, dawa yenye mionzi, kwa ajili ya tezi ya shingo. Hapo chanzo chenyewe kimo mwilini: viini vya atomi zake havijatulia, na kila kinapovunjika hutoa mionzi. Kila siku 8 nusu ya atomi huwa zimekwisha: kutoka 100 hubaki 50, kisha 25, kisha 12.5. Nyingine hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Basi alale peke yake, awe na kikombe na sahani yake, akojoe amekaa na amwage maji chooni mara mbili. Kunyonyesha huachishwa wiki kadhaa kabla ya dawa, na mtoto huyo harudishwi tena ziwani. Siku za kujitenga hupangwa na daktari kwa kipimo alichopewa.

Na wale mbung'o walioachiwa Unguja kwa ndege?

Wengi walihofu, na hofu ilikuwa na haki ya kujibiwa. Madume yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi ya gama hadi yakawa tasa. Zaidi ya milioni 8 yaliachiwa kati ya 1994 na 1997. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ikawaondokea ng'ombe. Wadudu wale hawakubeba mionzi. Ni kama dagaa: huanikwa juani mchana kutwa, usiku hawang'ai.

Nikikuta kwenye vyuma chakavu kitu kizito chenye alama ya mapanga matatu, nyeusi juu ya manjano?

Usikifungue, usikibebe. Rudi nyuma: umbali ukiwa mara mbili, mionzi hushuka hadi robo. Zuia watoto, ita polisi. Goiânia, Brazili, 1987, waokota vyuma walivunja kifaa cha hospitali iliyohamwa. Unga wa sesiamu-137, kitu chenye mionzi mikali, ukagawanwa majumbani kwa kuwa uling'aa buluu. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6 aliyekula mkate kwa mikono yenye unga ule.