Taça da Liga haimpeleki mtu Ulaya

Kila Januari, Kombe la Ligi la Ureno linapopata bingwa, hurudi dai lilelile: kwamba bingwa huyo amejikatia tiketi ya Ulaya. Si kweli. Kombe hilo, Taça da Liga, halitoi nafasi ya michuano yoyote ya UEFA, wala halimwingizi mshindi katika Supertaça, mechi ya bingwa wa ligi na mshindi wa Taça de Portugal (Kombe la Ureno).

Mfano ulio wazi zaidi ni klabu ya Moreirense. Mwaka 2017 waliifunga Braga 1-0 fainali, lakini msimu uliofuata hawakucheza Ulaya.

Mkanganyiko unatokana na mambo mawili. Kwanza Uingereza, ambako bingwa wa Kombe la Ligi hupewa nafasi ya Ulaya. Wengi hudhani kila nchi iko hivyo. Pili, Ureno ina makombe mawili. Taça de Portugal ni ya shirikisho la soka, huchezwa tangu 1938/39, huchanganya hata klabu za ridhaa, na ndilo lenye tiketi ya Europa League. Hata hapo leseni ya UEFA, yaani kibali cha klabu kucheza Ulaya, ni lazima: klabu ya Aves ililitwaa mwaka 2018 ikaikosa Ulaya kwa kukosa leseni.

Taça da Liga ni ya klabu za kulipwa tu. Ilianza 2007/08, Vitória de Setúbal wakiishinda Sporting kwa penalti. Tangu 2024/25 hushirikisha timu nane: sita za ligi kuu na mbili za daraja la pili, kwa kufuata msimamo wa msimu uliotangulia. Anayeshinda anapata kombe na fedha, na kwa klabu ndogo hilo ni kubwa sana.