Je, wajua kwa nini asiyekula nguruwe anaweza kupata mnyoo wa nguruwe kichwani?

Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika habari za wagonjwa wanne waliokuwa wakianguka kifafa. Vipimo vilionyesha kwamba ndani ya ubongo wao mlikuwa na vifuko vya lava (mtoto) wa tegu, yule mnyoo bapa anayepokezana maisha kati ya nguruwe na binadamu. Lakini wote wanne walikuwa Wayahudi wa Orthodoksi, ambao nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwa Waislamu. Mnyoo aliingiaje?

Kula nyama yenye vifuko na kula mayai ya mnyoo ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayekula kitimoto chenye vifuko, hakijaiva sawasawa, hupata tegu mzima tumboni, mwenye urefu wa mita kadhaa. Mara nyingi tegu huyo hamsumbui, pengine hata hajui kama anaye. Ila pingili za mnyoo hukatika na kutoka na choo, na pingili moja huweza kubeba mayai yapatayo 50,000. Mikono isiyonawiwa vizuri ikishika chakula, mayai humfikia mtu mwingine, au humrudia mwenye tegu mwenyewe. Yakimezwa huanguliwa, lava hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kusafiri hadi kwenye misuli, macho au ubongo. Kwa mnyoo, binadamu huyo sasa amechukua nafasi ya nguruwe. Kule New York, wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kilatini walipopimwa, mmoja alikutwa na tegu.

Kinachonishangaza zaidi ni ukimya wa kitu hiki. Kifuko kilicho hai hujificha kinga ya mwili isikitambue, na mtu huendelea na shughuli zake miaka na miaka. Taabu huanza kinapodhoofika na kufa. Hapo kinga hukigundua, ubongo unaokizunguka huvimba, na mtu huanguka. Askari wa Uingereza waliotumikia India walianza kupata kifafa miaka kadhaa baada ya kurudi kwao, wengine wakiwa wameshasahau maisha ya kambini.

Dalili basi hufuata mahali kifuko kilipotua. Kikikaa karibu na gamba la ubongo, huleta kifafa. Kikiziba njia ya maji ya ubongo, mtu huumwa kichwa vikali na kutapika, ungedhani ana saratani ya ubongo. Mishipa ya damu ikivimba kwa sababu yake, kijana mwenye afya anapata kiharusi. Wengine hubadilika tabia, wakaitwa wendawazimu. Hata picha ya CT, inayopigwa kwa mashine kuonyesha ndani ya ubongo, huweza kupotosha, maana kifuko kinachokufa hufanana sana na kivimbe cha kifua kikuu cha ubongo. Daktari hupata uhakika anapoona ndani ya duara la maji nukta moja ndogo, ambayo ndiyo kichwa cha mnyoo.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, tegu huyu anahusika na takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa. Huko Haydom, wilayani Mbulu, Tanzania, wagonjwa wa kifafa walipopigwa picha za CT, baadhi yao walikutwa na vifuko hivi. Na bado mgonjwa hupelekwa kwanza kuaguliwa, kwamba ana majini au amerogwa. Inauma zaidi kwamba wapo walioangukia motoni na kuungua huku watu wakisimama mbali, wakiogopa kuguswa na povu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate. Mshike, mtoe motoni, mlaze kwa ubavu.

Mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani anastahili picha ya ubongo. Vifuko vikionekana, dawa zipo: albendazoli na prazikwanteli, zilezile wanazopewa watoto shuleni kwa minyoo na kichocho, ila kwa siku nyingi zaidi. Asizinywe kwa kujinunulia dukani. Vifuko vingi vikifa kwa pamoja, ubongo huvimba kwa ghafla na mgonjwa huzidiwa, kwa hiyo daktari humpa pia dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, na wapo wasiopewa dawa ya kuua minyoo kabisa.

Kifuko kikishakufa, mara nyingi huacha chembe ngumu kama ya chokaa, inayoonekana nyeupe kwenye picha. Chembe hiyo peke yake huweza kumwangusha mtu hata baada ya mnyoo kwisha, ndiyo maana wengine huendelea na vidonge vya kifafa ingawa wameambiwa mnyoo hayupo tena.