Mtarakwa na saipresi ni miti miwili

Mtarakwa ni mti wa asili wa misitu ya milimani, Juniperus procera kwa jina la kisayansi, mmoja wa miti inayozaa koni za kubebea mbegu badala ya maua. Unaota kuanzia Rasi ya Arabuni, Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Zimbabwe. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachokera ni kuona kila shamba la miti lililo kando ya misitu ya Mau au Aberdare, Kenya, likiitwa msitu wa mitarakwa, wakati ni saipresi tupu, imepandwa kwa mistari. Kuchanganya ni rahisi, maana miti hii ni ya ukoo mmoja na kwa mbali majani yake yanafanana. Lakini saipresi inayopandwa kwetu, Cupressus lusitanica, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa kwa ajili ya mbao kwa kuwa inakua haraka. Mtarakwa hauna haraka hiyo.

Ukitaka uhakika, achana na majani, tafuta koni. Ya saipresi ni ngumu kama kijiti, na ikikauka inafunguka na kumwaga mbegu. Ya mtarakwa haifunguki. Ni kiduara chenye nyama, hakifiki sentimita 1, buluu inayokaribia weusi, na juu yake kuna ukungu mweupe unaofutika ukiupitishia kidole. Ndege wanakimeza, mbegu zinasafiri. Usipokiona, usikate shauri mapema: mtarakwa una mti dume na mti jike, na dume hutoa chavua tu. Hapo angalia gome. La mtarakwa mkubwa ni jembamba, linachunika kwa vipande virefu.

Wako pia wanaouita mwerezi, kwa sababu mbao yake ni nyekundu, inanukia na mchwa hawaiwezi. Ndiyo maana nguzo zake za ua zinadumu sana. Jina limezoeleka, sina ugomvi nalo. Ila mierezi ya Lebanoni inayotajwa kwenye Biblia ni ya jenasi Cedrus, ukoo wa misonobari. Si mti huu.

Kwa hiyo aliyepanda saipresi aseme amepanda saipresi. Mbao zake zinajenga nyumba nyingi. Asiandike tu kwamba amerudisha msitu wa asili, maana miti hiyo ikikomaa itakatwa yote, na mtarakwa uliokuwapo pale bado haujarudi.