Kwa nini dawa ya tapeli huonekana inaponya?

Mwaka 1796, tabibu mmoja wa Marekani, Elisha Perkins, alipewa hataza ya vijiti viwili vya metali vyenye ncha. Mgonjwa alipitishiwa vijiti hivyo juu ya ngozi pale panapouma, na wengi waliapa kwamba maumivu yalitoweka. Sifa zake zikavuka bahari hadi Uingereza. Huko, katika mji wa Bath, daktari John Haygarth aliamua kuvipima. Mwaka 1799 alichonga vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vya metali, akavitumia kwa wagonjwa watano wa baridi yabisi. Wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake wakapitishiwa vile vya metali, na matokeo yakawa yale yale.

Wagonjwa wale hawakusema uongo. Tuliweke hilo wazi kabla ya kumcheka yeyote aliyetapeliwa. Mtu akihudumiwa kwa upole na kuahidiwa nafuu, maumivu hupungua kweli, ingawa chanzo cha ugonjwa kiko pale pale.

Lakini msaidizi mkubwa wa tapeli ni muda. Watu hukimbilia dawa mpya siku wanapozidiwa. Maumivu ya mgongo, ukurutu, pumu na baridi yabisi yote hupanda na kushuka, kwa hiyo aliyenunua chupa siku mbaya kuliko zote ana kila sababu ya kuamka afadhali wiki inayofuata, hata kama chupa ilikuwa na maji matupu. Mafua ndiyo usiseme, huisha yenyewe. Kazi imefanywa na mwili, sifa amechukua muuzaji. Halafu waliopona hutoa ushuhuda kwa sauti. Waliokufa hawana pa kusemea.

Na kujisikia vizuri si lazima kuwe kupona. Eben Byers, tajiri wa Marekani na bingwa wa gofu, aliumia mkono mwaka 1927, akashauriwa kunywa Radithor, maji yaliyotiwa radiamu, ile metali yenye mnururisho, yaani inayotoa miali hatari. Aliyeyatengeneza, William Bailey, alijiita daktari na hakuwa daktari. Byers alijiona ana nguvu mpya, akaendelea kunywa chupa baada ya chupa, kumbe radiamu inajikusanya mifupani. Taya lake likaoza. Alifariki mwaka 1932.

Kwa hiyo ukiambiwa dawa moja inatibu kisukari, presha, saratani na ugumba, usiulize ni wangapi waliopona. Uliza kama imewahi kulinganishwa na dawa bandia, bila wagonjwa kujua nani kapewa ipi, kama alivyofanya Haygarth. Na muuzaji akikwambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, ondoka hapo hapo: mwenye kisukari anayeishi kwa insulini akiiacha, siku chache tu zinatosha kumuua.