Usanifu wa protini kwa kompyuta: maana yake na unavyofanyika

Usanifu wa protini kwa kompyuta ni kubuni protini ambayo haijawahi kuwepo katika kiumbe chochote, kwa kuanza na kazi inayotakiwa ifanyike na kutafuta mpangilio wa asidi amino, yaani vijenzi vidogo vya protini, utakaoiweza. Protini za asili tunazo tele mwilini: hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu, insulini inayodhibiti sukari, vimeng'enya vinavyosaga chakula, kingamwili zinazopambana na maradhi. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20, na mnyororo huo hujikunja hadi ukapata umbo lake. Umbo hilo ndilo huamua, kwa sehemu kubwa, protini itashikamana na nini.

Ugumu uko kwenye hesabu. Mnyororo mfupi tu wa asidi amino 100 unaweza kupangwa kwa namna nyingi mno, idadi ambayo ukiiandika hufikia tarakimu 131, na karibu mipangilio yote hiyo haina manufaa, hivyo kubahatisha maabara hakufai. Mwaka 2003 kundi la David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, lilitangaza Top7, protini ya asidi amino 93 iliyosanifiwa kwa programu ya Rosetta, yenye umbo ambalo halikuwa limeonekana katika maumbile. Kwa usanifu wa protini Baker alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Nusu ya pili waligawana Demis Hassabis na John Jumper, kwa mfumo wa AlphaFold2, unaotabiri umbo la protini kutokana na mnyororo wake. Watu wengi huzichanganya kazi hizi, nami naona ni lazima zitenganishwe: anayetabiri hupewa mnyororo akatafuta umbo lake, ilhali anayesanifu hutaka umbo fulani akatafuta mnyororo.

Kwa wasomaji wa Arusha, mfano ulio karibu zaidi ni sumu ya nyoka. Wafugaji wa Monduli na Longido wanawajua koboko, swila na kifutu, na huko Meserani, penye bustani ya nyoka, ipo kliniki inayowatibu walioumwa. Dawa tuliyonayo hutengenezwa kwa kumdunga farasi au kondoo sumu kidogo kidogo, kisha kuvuna kingamwili kutoka katika damu yake. Huokoa maisha, lakini ni ghali, huweza kuleta mzio mkali, na hufaa kwa sumu za nyoka waliokusudiwa na wale wanaofanana nao.

Januari 2025 kundi la Baker na wenzao wa Denmark walichapisha njia nyingine. Katika sumu ya koboko na swila zimo protini ndogo ambazo baadhi yake hung'ang'ania vipokezi vya misuli, yaani sehemu zinazopokea ishara za neva, misuli ikalegea na mgonjwa akashindwa kupumua. Watafiti waliipa kompyuta umbo la protini hizo, na programu ya RFdiffusion, ambayo ni akili mnemba iliyofunzwa kurejesha maumbo ya protini yaliyovurugwa kwa makusudi, ikachora protini mpya zinazoweza kuikalia barabara sehemu ile yenye madhara. Programu nyingine, ProteinMPNN, ikapendekeza mpangilio wa asidi amino kwa kila umbo, na zilizoonekana haziwezi kujikunja inavyotakiwa zikachujwa. Hapo ndipo maabara ilipoingia: jeni za zilizobaki zilitengenezwa, vijiumbe vikazizalisha protini hizo, na panya waliopewa sumu ya kuua pamoja na baadhi ya protini hizo walinusurika.

Dawa ya binadamu bado. Sumu ya kifutu, inayoharibu nyama na damu, hutegemea zaidi protini za aina nyingine, kwa hiyo dawa kamili ingehitaji mchanganyiko wa protini kadhaa zilizosanifiwa, na anayeumwa leo bado anapaswa kuwahishwa hospitalini apewe dawa iliyopo. Hata hivyo usanifu huu umekwisha kuwafikia watu: SKYCovione, chanjo ya UVIKO-19 iliyojengwa juu ya chembe za protini zilizosanifiwa, iliidhinishwa Korea Kusini mwaka 2022. Programu ya RFdiffusion nayo hutolewa bure, na ningependa sana kuona wanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapa Arusha, wakiielekeza kwenye sumu ya kifutu.