Kompyuta imekataa kuwaka? Usiniambie bodi imeungua bado

Wiki hii peke yake watu watatu wameniambia "fundi, bodi imeungua, nitafutie ingine" na kati ya hizo mashine tatu hakuna hata moja bodi (ile sakiti kubwa ya ndani ambayo kila kitu kinachomekwa) ilikuwa na shida. Moja ilikuwa fyuzi ya plagi. Ingine swichi ya mbele imekwama. Ya tatu ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ni ramu, ile kadi nyembamba ya kumbukumbu, ilikuwa imelegea ndio maana skrini ilibaki nyeusi. Nimeongea haya mambo kwa kaunta hapa Kondele, Kisumu, mpaka sauti imekauka, sasa nayaandika mara moja, mtu akiuliza namtumia.

Kwanza ukisema "haiwaki" niambie ni gani. Kuna ile imekufa kimya, unabonyeza hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Na kuna ile feni zinazunguka na taa iko lakini monita haileti kitu. Ya kimya unafuata njia ya stima, ya skrini nyeusi unaanza na ramu, unaitoa, unafuta meno yake na rababu safi, unairudisha mpaka ilie ta! pande zote mbili. Na sikiza milio pia, angalia taa inavyomweka. HP Compaq nyingi za zamani zikimweka nyekundu mara 5 zikilia mara 5 zinakuambia ni ramu, mashine yenyewe imeshasema halafu mtu anakimbia kununua bodi.

Sasa hii ya kimya ndio inaniumiza. Mama mmoja ana saiba upande wa Ahero aliniletea mashine na boda, ameifunga na leso, macho mekundu. Stima ilikuwa imepotea usiku ikarudi na nguvu, asubuhi mashine haiwaki, fundi wa kwanza akaiangalia dakika mbili akamwambia bodi imekufa nunua ingine. Wiki tatu hajachapisha hata karatasi moja ya wanafunzi. Nikachomeka waya wangu, nikabonyeza, ikawaka. Mama alikaa chini kwanza. Shida ilikuwa fyuzi ya plagi kule kwake, kitu cha bei ya chapati mbili!

Plagi zetu za miguu mitatu ziko na fyuzi ndani, imeandikwa 13 ama 5 ama 3. Ikikatika, soketi iko na stima, taa ya eksitensheni inawaka, lakini kwa mashine hakufiki kitu. Chukua waya wa monita ambayo unajua inawaka, uchomeke kwa mashine, ule waya kwa kawaida ni ule ule. Ikiwaka umemaliza. Ukibadilisha fyuzi weka namba ile ile, na tafadhali usifunge waya wa shaba hapo ndani, nimeona plagi zimeyeyuka zikashikana na soketi, hiyo ni nyumba inataka kuungua.

Waya ukiwa sawa nenda nyuma ya mashine. Pawa saplai (kile kiboksi kinachopokea waya wa stima) nyingi ziko na swichi, upande wa I ni kuwasha, upande wa O ni kuzima, na mtu akifagia chini ya meza anaigusa bila kujua. Zingine za zamani ziko na kaswichi kekundu ka 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hivyo hako kakae 230 siku zote, mtoto akikasukuma kwa 115 halafu uchomeke utasikia mlipuko na hapo sasa umenunua pawa saplai.

Bado? Chomoa waya kwa ukuta, bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie sekunde 30, ngoja kidogo, rudisha waya, jaribu. Hii watu hawaiamini lakini naifanya kila siku. Pawa saplai ikishtuka stima ikirudi vibaya inajifunga yenyewe kujilinda, na zingine hazijifungui mpaka uchomoe waya kabisa stima yote iishe ndani. Fanya hii kabla hujatoka nyumbani na mashine.

Halafu swichi ya mbele. Ile ni plastiki na waya mbili nyembamba zinaingia kwa pini mbili za bodi, basi. Zitoe, gusanisha hizo pini mbili na ncha ya bisibisi sekunde moja. Mashine ikiwaka, bodi ni nzima na pawa saplai ni nzima, kilichokufa ni swichi. Hapa sikuuzii kitu, nachukua waya za swichi ya riseti (ile ya kuanzisha mashine upya) naziweka mahali pa swichi ya kuwashia, unaenda nyumbani unabonyeza riseti kuwasha. Tena angalia mashimo ya USB, kuna mtu alisukuma flashi kwa nguvu vyuma vya ndani vikagusana, mashine ikajaribu kuwaka ikazima papo hapo. Chomoa kila kitu, printa, flashi, hadi hadidiski, ujaribu bila hivyo.

Ndipo sasa tupime pawa saplai. Ile ya kawaida ya pini 24 unachomoa kwa bodi unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote, feni yake ikizunguka kuna uhai. Lakini usijaribu hii kwa Dell na HP za ofisi ambazo plagi yake ni ya pini chache, hizo hazikupangwa hivyo. Dell OptiPlex nyingi ziko na kakifungo na kataa hapo nyuma, bonyeza, kakiwaka kijani pawa saplai inatoa. Pawa saplai ikiwa nzima peke yake lakini ukiirudisha kwa bodi tupu inakufa, hapo ndio nakubali tuongee mambo ya bodi. Zinakufa kweli, sikatai, kapasita (vile vimkebe vidogo vya kushika stima) zinavimba kichwa, na radi ya kwetu huku kuanzia Kakamega mpaka Kisii haina huruma, inaingia hata kwa waya wa intaneti. Ila hiyo ni hatua ya mwisho, sio salamu ya kwanza.

Mengine ni ya haraka, maneno watu huniambia kwa kaunta na majibu yangu.

"Taa ya bodi inawaka kwa hivyo pawa saplai ni nzima." Hapana. Hiyo taa inakula volti 5 za waya wa zambarau ambazo ziko hata mashine ikiwa imezimwa. Volti 12 zinaweza kuwa zimekufa na taa bado inang'aa. Hata feni kuzunguka haitoshi, weka mita ya volti mashine ikiwa kazini, volti 12 isishuke chini ya 11.4.

"Ni virusi, niwekee Windows mpya." Windows iko kwa diski, na kama stima haijafika kwa bodi hakuna mtu amesoma hiyo diski. Kulikuwa na kirusi kinaitwa CIH mwaka 1998 kilichofuta bayosi (programu ya kwanza ya kuamsha mashine) ya bodi nyingi, lakini hata hizo feni zilizunguka.

"Ni betri ya bayosi." Hiyo CR2032 ya volti 3 inashika saa na mipangilio. Ikiisha tarehe inarudi nyuma miaka, ni mara chache sana izuie mashine kuwaka. Badilisha ni bei rahisi, lakini usiweke matumaini yote hapo.

"Sipiyu imekufa." Ukimaanisha boksi lote sema boksi. Sipiyu ni prosesa, na hiyo ndio inakufa mara chache kuliko vitu vyote nimetaja.

"Nimechomoa, naweza kufungua pawa saplai nipulize." Usifungue! Najua msimu wa wale wadudu wa ziwani wanajaa ndani, na mjusi pia nimetoa ameungua humo, lakini kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Puliza na bilowa kutoka nje, feni ukiwa umeizuia na kijiti isizunguke.

"Niko na eksitensheni ya taa nyekundu, stima haiwezi kuharibu." Ile taa ni taa tu. Ukiona mawingu yamekaa juu ya ziwa, chomoa kwa ukuta, na waya wa intaneti pia.

Na mkiniletea mashine, njooni na waya wake wa stima. Ule ule ulikuwa umechomekwa ikikataa kuwaka.